Vidoti Chini ya Mshipa

Machi 3, Jumatatu

Mvua imeanza. Paa la chumba cha prufu limevuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya meza yangu, maana maji yana kumbukumbu kumshinda msimamizi wetu. Ndoo imekaa mahali pa kamusi, na kamusi nimeipakata siku nzima kama mtoto wa jirani.

Daftari hili kanitengenezea mume wangu kwa mabaki ya karatasi za kitabu cha hesabu. Yeye ndiye anayeendesha mashine ya kukata karatasi hapo kiwandani kwetu, na wenzetu wanamwita Bwana Kisu. Hasikii tangu akiwa na miaka minne, kwa hiyo kelele za ile mashine, ambazo zimeshawakimbiza mafundi watatu, yeye hana habari nazo ndewe wala sikio. Mimi ni msomaji prufu. Nakamata makosa kwa kalamu nyekundu kabla kitabu hakijachapwa. Tumeoana miaka kumi na tisa na yote tumeongea kwa mikono na kwa uso.

Leo mchana nimemuuliza kama amekula. Akaninunia.

"Kwa nini unanikejeli?" akaniuliza kwa ishara.

Sikumkejeli. Nilimuuliza tu kama amekula. Akanisogelea, akaniangalia kama anavyoangalia karatasi iliyopinda, kisha akagusa unyusi wangu wa kushoto.

"Huu umelala," akasema.

Machi 4

Mvua. Hesabu, sura ya saba: makosa kumi na moja, mawili ya mwandishi na tisa ya kiburi chake.

Machi 7, Ijumaa

Nieleze hili sasa, maana nikiliacha litanikaba. Katika lugha yetu ya ishara, "umekula" na "umekula?" mikono ni ileile. Nyusi ndizo alama ya kuuliza. Zikipanda zote mbili, unauliza. Ukipanda mmoja tu, unadhihaki: eti umekula, wewe! Kumbe nina majuma sijui mangapi namdhihaki mume wangu kila ninapomuuliza swali. Nimeuliza kama amefunga dirisha, nikamdhihaki. Nimeuliza kama mgongo umepoa, nikamdhihaki. Amevumilia, halafu leo amenileta mbele ya kioo.

"Inua," akasema.

Wa kulia ukapanda mara moja. Wa kushoto ukafuata baadaye, kwa uvivu, ukaishia njiani.

Kisha akaweka kidole chini ya ndewe ya sikio langu la kushoto, juu ya kile kigololi. Kipo miaka miwili. Kilianza kama punje ya harage. Dada yangu mkubwa alicheka sana wakati ule, akasema nimepata matubwitubwi ukubwani, nifunge kitambaa cha moto na nisiaibishe ukoo. Nilikwenda zahanati mara moja. Tabibu alikibonyeza akasema, "Ni uvimbe tu, mama." Mtu akijigonga goti anapata uvimbe. Akiumwa na nyuki anapata uvimbe. Mimi ninayekula kwa maneno nilishika lile neno dogo, "tu," nikaenda nalo nyumbani, nikaliacha kubwa pale mezani kwake.

Machi 11, Jumanne

Hospitali kubwa. Mabenchi ya chuma, sakafu yenye matope ya viatu vya watu wote, saa ya ukutani inayotembea dakika nne mbele. Nilisoma mabango yote ukutani na kukuta makosa sita.

Daktari bingwa wa upasuaji ni mtu mwembamba mwenye mikono baridi. Hakushika uvimbe kwanza. Aliniangalia usoni.

"Inua nyusi. Funga macho, kaza. Vimbisha mashavu. Nioneshe meno."

Nilitii kama mwanafunzi.

"Hii nyusi ya kushoto imeanza kuchelewa lini?"

"Unyusi, daktari. Nyusi ni nyingi."

Akatabasamu kidogo. "Huo unyusi. Nani aliyeugundua?"

"Mume wangu. Hasikii."

"Ana macho makali."

"Ndiyo masikio yake."

Hakutabasamu tena. Aliandika mistari mingi kuliko kawaida, na mimi najua mtu anapoandika kwa sababu hataki kusema. Aliniambia hapo chini ya sikio kuna tezi ya mate, kubwa kuliko zote, na uvimbe umo ndani yake. Nimemeza mate miaka arobaini na sita bila kujiuliza yanatoka wapi. Akaingiza sindano nyembamba akanyonya chembe za kupeleka maabara. Iliuma kidogo. Kilichouma zaidi ni kwamba muuguzi alinishika mkono bila mimi kuomba.

Machi 13

Mvua. Karatasi zimevimba kwa unyevu, mashine inazitafuna. Bwana Kisu kanuna na mashine yake, mimi nimenuna na shingo yangu.

Machi 18, Jumanne

Kicheko leo, cha kwanza tangu mvua ianze. Mpanga kurasa mpya, mama mmoja mpole aliyehamishwa kutoka ofisi ya mapokezi, hajui alama zetu. Nilikata neno moja kwa makosa kwenye prufu. Kwa hiyo nikafanya tunavyofanya: nikapiga vidoti chini ya neno lililokatwa, nikaandika "acha" pembeni. Maana yake nimetengua, neno liachwe kama lilivyokuwa. Yeye akaliacha nje. Sentensi ikatoka bila kitenzi.

"Si umeandika acha?" akasema. "Mimi nikaliacha."

"Acha, si acha!" nikamwambia, na chumba kizima kikaanguka. Hata Bwana Kisu alipotafsiriwa alicheka mpaka akashika meza. Kwa ishara neno hilo haliwezi kumpiga chenga mtu. Kuacha kwa kumtupa mtu ni ishara yake, na kuacha kitu kibaki kilipo ni ishara nyingine kabisa. Anasema lugha yetu ya mdomo ni duka la vyombo lisilo na lebo.

Machi 21, Ijumaa

Maabara wamesema chembe hazieleweki vizuri, lakini hazipendezi. Nimepigwa picha ya skani. Daktari aliiweka kwenye mwanga akanionesha doa.

"Uvimbe wa tezi hii, watu kumi, wanane hawana neno," akasema. "Unatolewa, mtu anakwenda zake."

"Na wangu?"

Akaishusha picha kwenye mwanga.

"Uvimbe usio na neno haulazi unyusi."

Nilimtafsiria mume wangu aliyekuwa ameketi pembeni. Nilibadilisha. Nilisema daktari bado hajui. Akaniangalia, akamwangalia daktari usoni, akajua nimedanganya. Kumdanganya kiziwi kunahitaji uso mzima.

Machi 22

Sijafanya kitu.

Machi 23

Dada amekuja na mafuta ya kuchua. Nimemwambia neno kansa. Akayarudisha mafuta kwenye mfuko taratibu, akaanza kufagia nyumba iliyofagiwa.

Machi 28, Ijumaa

Nimetia saini. Siku ya kisu ni Aprili 15.

Daktari alichora uso kwenye karatasi, upande mmoja, bila jicho wala pua, kama yai lenye sikio. Akachora kitu kama mti uliolala: shina likitokea nyuma ya sikio, halafu matawi matano yakielekea paji la uso, jicho, shavu, mdomo na shingo.

"Ndani ya tezi mnapita mshipa," akasema. "Nitaanza kwa kuutafuta. Nikiupata, nitautenga na uvimbe polepole. Lakini haya matawi ya juu yananitia shaka. Uvimbe ukiwa umeyashika, itabidi tuyakate. Unakubali?"

"Kata, daktari. Mishipa iko mingi mwilini."

"Una uhakika?"

"Mimi si mtu wa kuogopa damu."

Aliniangalia kwa heshima, akasema wagonjwa wengi hulia hapo. Nikatoka nimejaa kiburi. Kwenye fomu kuna kifungu cha tatu: "Nakubali mshipa ukatwe ikibidi." Nilitia saini chini yake, mwandiko mzuri kabisa.

Machi 29, Jumamosi

Sijui niandike vipi.

Asubuhi nilimweleza mume wangu. Nilipofika kwenye mshipa nikafanya ishara tunayofanya siku zote, vidole viwili vikipita juu ya mkono, damu inayotembea. Akaitazama ile ishara, akautazama mchoro wa daktari.

"Mshipa upi?" akauliza.

"Mshipa. Wa damu."

"Huu unakwenda kwenye paji. Huu kwenye jicho. Huu mdomoni." Alifuata kila tawi kwa kidole, kwanza kwenye karatasi, kisha usoni pangu. "Damu haipandishi nyusi."

Nilianza kumjibu. Mkono ukaishia kwenye unyusi wangu.

"Kuna mshipa wa damu," akasema, "na kuna ule wa kupeleka habari." Ishara yake ni tofauti, kidole kinachoruka kama cheche kutoka kichwani. "Alisema upi?"

Alisema mshipa. Alisema mshipa, na mimi sikuuliza, kwa sababu kwa mdomo neno ni moja na mimi ni bingwa wa maneno. Nimesahihisha vitabu vya sayansi vya shule. Nimewahi kuandika pembeni, kwa kalamu yangu nyekundu, "Mshipa wa damu au wa fahamu? Fafanua." Nimewafafanulisha wengine.

Aprili 1, Jumanne

Nilikwenda bila miadi, nimelowa chapachapa. Nilimngoja daktari kwa saa tatu.

"Ni neva," akasema. "Mshipa wa fahamu, ule unaoendesha uso."

"Kwa nini hukusema neva?"

"Nikisema neva watu hawanielewi. Nimezoea kusema mshipa." Alishika kichwa. "Mama, nilidhani umeelewa. Ulikuwa jasiri mno."

"Nilikuwa mjinga mno."

Akanieleza yote upya. Matawi ya juu yakikatwa, unyusi wa kushoto hautainuka tena na jicho halitafumba lenyewe. Anaweza kupandikiza kipande cha neva kutoka shingoni, lakini hurudisha mwendo kidogo, baada ya mwaka, na wakati mwingine hakirudishi kitu.

"Na yasipokatwa?"

"Kama ugonjwa umeyashika, utatambaa nayo. Unaingia nyuma ya sikio, unapanda kichwani."

Nikamwambia kwamba uso wangu si pambo. Nikamweleza kuhusu alama ya kuuliza. Alisikiliza mpaka mwisho na mgonjwa mwingine akigonga mlango. Hakuniambia kwamba uhai ni bora kuliko nyusi. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana kama angesema.

Aprili 2

Mvua, mvua.

Aprili 5, Jumamosi

Nimechukua fomu yangu. Nilimwambia muuguzi nataka kuisoma tena nyumbani, akanipa, akaniomba niirudishe siku ya kulazwa. Nimepiga mstari mwekundu juu ya kifungu cha tatu, mmoja, ulionyooka.

Dada aliuona.

"Mdogo wangu, umepagawa? Usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Huu si ukuta wako."

"Heri nusu shari kuliko shari kamili. Nusu ya uso inakutosha. Wengine hata ule mzima hawautumii."

"Wewe unaongea na mumeo ukiwa jikoni na yeye yuko bafuni," nikamwambia. "Mimi wangu nikigeuka tu, nimemnyamazisha. Nusu ya uso wangu ni nusu ya ndoa yangu."

Akakaa chini. Akasema polepole, bila kunitazama, "Na ukifa, ndoa itabaki na nini?"

Nilimfukuza. Dada yangu aliyenibeba mgongoni, nilimfungulia mlango nikamwonesha mvua. Akaenda bila mwavuli.

Aprili 6

Mwavuli wake bado uko nyuma ya mlango.

Aprili 10, Alhamisi

Kila swali sasa ni ugomvi. Nimemuuliza mume wangu kama atachelewa, uso wangu ukamwambia eti utachelewa, kama kawaida yako. Anajua si mimi. Anajua kabisa, na bado nilimwona akimeza. Jicho lilishamwambia kabla akili haijafika.

Ndani yangu kuna swali moja ambalo sijaliuliza tangu Machi na siwezi kuliuliza kwa uso huu. Sitaliandika pia.

Aprili 13, Jumapili

Amenipeleka kiwandani leo ingawa pamefungwa; ana ufunguo. Alinionesha rundo la vitabu vya hesabu vilivyoharibika wiki ya unyevu. Kisu kiliyumba kikala ukingo, herufi za mwisho za kila mstari zimekwenda.

"Soma," akasema.

Nikasoma. Nilisoma ukurasa mzima bila kukwama.

Kisha akatoa kitabu kingine kutoka chini kabisa ya ghala, kizuri kwa nje, kingo zimenyooka. Akakifungua. Mchwa. Katikati pamebaki unga.

Ni mtu wa mashine, hahubiri. Alifagia ule unga kwa kiganja akafunga mlango, tukarudi nyumbani kwa miguu, yeye upande wangu wa kushoto. Kwa miaka yote hutembea kulia kwangu. Nilijua anajizoesha kuusoma upande utakaolala, na moyo ukanipasuka.

Aprili 14, Jumatatu. Wodini.

Nimelazwa. Kitanda cha saba, dirisha limezibwa kwa boksi. Nimeifungua fomu juu ya mapaja na kukitazama kifungu cha tatu na mstari wangu mwekundu. Nimepiga moyo konde. Nimepiga vidoti chini ya maneno niliyoyakata, kimoja kimoja, na pembeni nimeandika neno letu. Mchwa wasibaki ndani. Nimemkabidhi muuguzi.

Jioni daktari alipita mbio, watu watano nyuma yake.

"Tumeelewana kuhusu mshipa?"

"Tumeelewana. Nimesahihisha kwenye fomu."

Akaifungua, akasoma, akatikisa kichwa kukubali. "Nimeona. Nitaheshimu ulichoandika."

Dada amekuja. Nilimrudishia mwavuli. Hatukusema samahani, alinikata kucha.

Aprili 16

Hai. Shingo kama gogo. Mpira wa shingoni unatiririsha damu kwenye kichupa. Ndewe ya sikio haina hisia, naishika kama ya mtu mwingine.

Aprili 17, Alhamisi

Unyusi umeinuka.

Mume wangu aliingia, nami bila kufikiri nikamuuliza kama amekula, na akajibu "Bado," kawaida tu, bila kununa. Tukatazamana. Akaniletea kioo cha muuguzi. Wa kushoto ulipanda kwa uvivu uleule wa zamani, lakini ulipanda. Akanishika uso kwa mikono miwili mpaka muuguzi akamfokea kuhusu bendeji, naye bila shaka hakusikia.

Nimelia kwa furaha. Nilidhani daktari amefungua, akakuta matawi ni safi. Nimemwombea dua daktari wa mikono baridi, na watoto wake kama anao.

Aprili 18, Ijumaa

Daktari alikuja peke yake. Akavuta kiti.

"Unajisikiaje?"

"Kama mtu aliyepona. Asante kwa mshipa."

"Nimeuacha kama ulivyoagiza."

Nikamwangalia.

"Uvimbe ulikuwa umeyashika matawi mawili ya juu," akasema. "Nimekwangua nilivyoweza. Sikupenda kuyaacha. Lakini uliandika mwenyewe."

Nikamwomba fomu. Akaitoa kwenye faili. Kifungu cha tatu, mstari juu yake, vidoti chini yake, na pembeni, kwa mwandiko mzuri kabisa: acha.

Nilicheka, nafikiri. Nyuzi zikavutika, damu ikatoka, muuguzi akaja mbio. Yule mama mpole wa kupanga kurasa, niliyemcheka mbele ya chumba kizima. Acha, si acha.

"Ina maana gani hii?" daktari akauliza, na uso wake ulikuwa umebadilika. "Mama. Ilikuwa na maana gani?"

Nikamweleza alama zetu. Alifunga faili. Akasema ilimpasa aniulize, nami nikasema ilinipasa niandike neno zima kama binadamu wengine, na tukakaa pale watu wazima wawili, kila mmoja akigombania kosa.

"Tungoje maabara," akasema mwishoni. "Huenda nimekwangua vya kutosha."

Aprili 19

Sijamwambia mume wangu. Anafurahi mno.

Aprili 22, Jumanne

Nimerudi nyumbani. Ananiuliza mambo ya kipuuzi ili nami nimuulize: kama nataka chai, kama redio inaimba vizuri. Anakula kila swali langu kama mtu aliyefunga siku nyingi. Nami ninajua kilichobaki nyuma ya unyusi huo.

Aprili 26

Mvua inapungua. Mimi naogopa jua.

Aprili 29, Jumanne

Nimemwambia. Nilimwonesha nakala ya fomu. Anazijua alama hizo kuliko mtu yeyote, amekata karatasi kwa alama hizo miaka ishirini. Aliona vidoti akaelewa nilikusudia nini, akaona neno akaelewa daktari alisoma nini. Yote kwa mara moja.

Kisha akafumba macho.

Asiyemjua hawezi kuelewa. Wewe ukikasirika unabamiza mlango. Yeye hufumba macho, na hakuna tena njia ya kumfikia. Ameyafumba mara tatu katika ndoa yetu. Nilimshika mikono akaitoa. Nilikaa mbele yake nikisema samahani kwa mikono mbele ya mtu aliyefumba, hata nikasema kwa mdomo, kwa sauti, ujinga mtupu, nikimwita jina lake ambalo hajalisikia tangu akiwa na miaka minne.

Alipofumbua, alisema jambo moja tu. "Siku kumi na mbili umeniacha nifurahi peke yangu."

Mei 2, Ijumaa

Majibu. Ni kansa, na imebaki kwenye matawi mawili. Haijafika kwenye shina, wanavyoona. Daktari anataka kuingia tena haraka, kabla kovu halijakomaa, ayakate yote mawili na kupandikiza kipande cha neva ya shingoni. Baadaye mionzi, majuma sita.

"Na tukifanya hivyo nitapona?"

"Sitakudanganya. Nafasi ipo. Tungeyakata mwezi uliopita ingekuwa kubwa zaidi."

Aliyameza hayo maneno ya mwisho yakiwa yameshatoka. Sikumlaumu.

Mei 3

Nimekubali, kisu ni Mei 13. Siku kumi za kutumia nyusi mbili.

Mei 5

Nimemuuliza maswali thelathini na nne. Nimehesabu. Alikuwa anapenda nini akiwa shuleni. Kama mashine hutetemeka kabla haijaharibika. Kama aliniogopa siku ya kwanza. Aliniogopa, kumbe.

Mei 8, Alhamisi

Nimekwenda kiwandani kusalimia. Yule mama mpanga kurasa aliinuka kunipisha kiti. Nikamwomba radhi mbele ya watu, chumba kilekile. Hakuelewa kwa nini nalia.

Mei 10

Jua siku nzima. Dada ameanika magodoro yote kana kwamba kuna harusi. Anajifunza ishara sasa, katika umri wake. Leo amemwambia shemeji yake kwamba yeye ni sufuria, akimaanisha mgeni. Tumecheka sisi watatu, na mimi nimecheka pande zote mbili.

Mei 13, Jumanne. Wodini, asubuhi.

Kitanda cha tatu safari hii, chenye dirisha. Daktari ameleta fomu mpya yeye mwenyewe. Kifungu cha tatu kimechapwa upya: "Nakubali neva, yaani mshipa wa fahamu unaoendesha uso, ikatwe matawi yake mawili ya juu." Kuna mkato mmoja uliokosewa. Nimeuacha. Hakuna alama yoyote niliyopiga. Nimeandika chini kwa herufi kubwa, KATA, na daktari akanisomea neno hilo kwa sauti, akaniuliza lina maana gani, nikamjibu.

Wamesema watanichukua kabla ya saa nne. Mume wangu amekaa mbele yangu, magoti yakigusana. Nikaona sasa au basi tena. Lile swali ambalo sikuliandika, nimeliuliza, kwa ishara ya kumtupa mtu, ile isiyoweza kukosewa. Utaniacha? Nyusi zikapanda zote mbili, wa kushoto ukachelewa kidogo, ukafika.

Akasema hajaona vizuri, nirudie.

Nikarudia.

Akasema mwanga wa dirisha unamsumbua. Akasogeza kiti. Nirudie.

Nikarudia, nikiwa nimekasirika sasa, maana si swali rahisi kwa mtu kulisema mara tatu. Akaniomba mara ya nne, na hapo ndipo nilipoona kwamba macho yake hayakuwa kwenye mikono yangu hata kidogo. Yalikuwa juu, kwenye paji la uso. Alikuwa ameelewa tangu mara ya kwanza.

Nikauliza mara ya nne, polepole, nikaziacha zikae juu kadiri nilivyoweza.

Muuguzi ameshaingia na machela. Mume wangu hakuinua mikono kunijibu. Aliegemea mbele akaweka ncha ya kidole chini ya unyusi wangu wa kushoto, akabonyeza, akasogea, akabonyeza tena, mpaka mwisho wake. Vidoti vitano, na pembeni hakuandika neno.